Mawe ya Kale Yasimamayo Karibu na Ziwa Turkana

Mji wa Eldoret ulipata jina lake kutokana na mawe. Husemwa ya kwamba asili ya jina hilo ni neno la Kimasai lenye maana ya mto wa mawe, na kila avukaye mto Sosiani wakati wa kiangazi huyaona mawe yenyewe yakiwa yametapakaa katika mkondo wake. Jina la Eldoret lilianza kutumika rasmi mwaka 1912. Kabla ya hapo mahali hapo palijulikana kwa namba ya shamba tu, yaani Sitini na Nne. Tangu wakati huo mji umekua sana. Reli ilifika mwaka 1924, na mwezi wa Agosti mwaka 2024 Eldoret ilipewa cheo cha kuwa jiji.

Lakini yako mawe mengine katika nchi hizi yenye habari ya zamani kuliko mji, kuliko reli, na kuliko hata makabila yanayokaa hapa siku hizi. Mawe hayo hayakuletwa na maji wala hayakuanguka yenyewe kutoka mlimani. Yalichaguliwa na watu, yakachukuliwa kwa nguvu za mikono, yakapangwa au kusimamishwa kwa kusudi maalumu. Baadhi yake yapo karibu sana na Eldoret, na mengine yapo mbali kaskazini, karibu na ufuko wa Ziwa Turkana. Yafaa wananchi wayafahamu yote mawili, kwa sababu mtu hawezi kukitunza kitu asichokijua.

MASHIMO YA WASIRIKWA

Katika nyanda za Uasin Gishu, sehemu za Moiben, milima ya Cherangani, na kusini hadi karibu na Nakuru, yako mashimo mengi ya duara yaliyochimbwa katika miteremko ya vilima. Upana wa shimo moja huwa kiasi cha meta 5 hadi 15. Mahali penye mawe mengi, kama Uasin Gishu, kuta za mashimo hayo zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri bila udongo wa kuyashikamanisha. Wazee wa Kinandi na wa makabila jirani husimulia ya kwamba wenye mashimo hayo walikuwa watu walioitwa Wasirikwa, waliokaa katika nchi hii na ng'ombe wao zamani za kale.

Kwa muda mrefu watu wengi walidhani ya kuwa mashimo hayo yalikuwa nyumba, na kwamba wenyeji wa kale walikaa chini ya ardhi kwa kuogopa baridi au adui. Mwaka 1937 Mary Leakey alichimba mahali paitwapo Hyrax Hill, karibu na Nakuru, na baadaye wataalamu wengine waliendelea na kazi hiyo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu John Sutton aliyachunguza mashimo ya nyanda za magharibi kwa makini, naye akaonyesha ya kwamba hayakuwa nyumba bali mazizi ya ng'ombe. Alama zake ni wazi kwa kila mtu afugaye. Mlango wa shimo hutazama upande wa chini wa mteremko, na nje ya mlango huo kuna kichuguu kilichofanyika kwa samadi na matope yaliyotolewa zizini mwaka baada ya mwaka. Nyumba ya mwenye mali ilijengwa ubavuni mwa zizi, na mlango wake uliingia ndani ya zizi lenyewe, ili mgeni asiweze kuwachukua ng'ombe usiku pasipo kuonekana.

Mazizi hayo yalitumika tangu karibu na mwaka 1200 hadi karne ya 18. Basi, mkulima wa Uasin Gishu akutaye duara la mawe katika shamba lake ameona zizi la mfugaji aliyekaa hapo kabla yake kwa miaka mia kadhaa.

Hata hivyo mashimo ya Wasirikwa ni mageni yakilinganishwa na mawe ya kaskazini.

NGUZO ZA KALOKOL

Msafiri atokaye Eldoret kwenda kaskazini hupita Kitale na Kapenguria, akashuka kutoka nchi ya baridi na mahindi hadi nchi ya joto na miiba, kisha akafika Lodwar, mji mkuu wa Turkana. Kutoka Lodwar iko njia iendayo Kalokol, karibu na ziwa. Kando ya njia hiyo, katika uwanja mkavu usio na majani mengi, zimesimama nguzo za mawe meusi. Ni mawe ya volkano, yaitwayo basalti, yenye pande zilizonyooka kana kwamba yamechongwa, ijapokuwa umbo hilo ni la asili, kwa maana basalti ipoapo hupasuka kwa kawaida yake katika nguzo za namna hiyo. Wachunguzi walihesabu nguzo 19. Baadhi zimesimama wima, na nyingine zimeinama upande huu na huu.

Wenyeji wa Turkana hupaita mahali hapo Namoratunga, maana yake ni watu wa mawe. Hadithi yao husema ya kwamba hapo kale watu walikuwa wakicheza ngoma, akatokea mgeni wa ajabu, nao wakamcheka. Kwa sababu ya dharau hiyo waligeuzwa mawe papo hapo. Wapitao huweka vijiwe vidogo juu ya nguzo, na ni vizuri mgeni akiona vijiwe hivyo asivipanguse, maana viliwekwa kwa heshima.

Inapasa kufahamu ya kuwa Waturkana wenyewe hawadai kwamba babu zao ndio waliozisimamisha nguzo hizo. Wao waliingia katika nchi ya ziwa kutoka upande wa magharibi katika karne za karibuni, wakazikuta nguzo zimekwisha simama. Hadithi ya wacheza ngoma ni jawabu walilolipata kwa swali ambalo kila apitaye pale hulazimika kuliuliza: ni nani waliofanya kazi hii, na kwa sababu gani?

MAWE NA NYOTA

Mwaka 1978 wataalamu wawili kutoka Marekani, Mark Lynch na Lawrence Robbins, walitoa jawabu lililoenea duniani kote. Walipima jinsi nguzo zilivyopangwa, wakasema ya kwamba zilielekea mahali zilipochomoza nyota fulani hapo kale, mojawapo ikiwa ni Kilimia, zile nyota zilizokusanyika pamoja ambazo wakulima wa pwani na wa bara huzitazama ili kujua majira ya mvua. Waliikumbuka kalenda ya Waborana wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia. Kalenda hiyo ina miezi 12 na siku 354, na huhesabiwa kwa kuangalia mwezi ukutanapo na nyota saba au makundi saba ya nyota. Kwa hiyo walidhani ya kwamba nguzo za Kalokol zilisimamishwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo ili zitumiwe kuhesabu siku.

Lakini maarifa hayasimami mahali pamoja. Mwaka 1982 mtaalamu Robert Soper alionyesha jambo ambalo halikufikiriwa hapo kwanza. Nguzo zile zina chuma ndani yake, na chuma hicho huivuta sindano ya dira. Mtu asimamapo karibu na jiwe na kupima kwa dira, sindano haimwonyeshi kaskazini ya kweli, na vipimo vyake vyote hupotoka. Kwa sababu hiyo mahali hapo palipimwa upya, na mabishano juu ya nyota yakaendelea.

Baadaye ikatokea shaka nyingine, nayo ni kubwa zaidi. Ule mwaka wa 300 kabla ya Kristo haukupatikana Kalokol penyewe, bali kwa kulinganisha na makaburi ya mahali pengine, Lokori, karibu na mto Kerio, ambapo mawe yaliyosimamishwa yana michoro ifananayo na alama za chapa za ng'ombe. Uchunguzi wa Katherine Grillo na Elisabeth Hildebrand, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha ya kuwa nguzo za Kalokol ni za kundi jingine, na kwamba umri wake ni miaka kati ya 4,000 na 5,000. Tofauti hiyo si ndogo. Dunia huyumba polepole sana kama pia izungukayo, na mzunguko mmoja wa kuyumba huko huchukua karibu miaka 26,000. Ndiyo maana mahali nyota ichomozapo hubadilika kadiri karne zipitavyo. Mstari ulioelekea Kilimia miaka 2,300 iliyopita haukuielekea Kilimia miaka 5,000 iliyopita. Basi hesabu ya nyota iliyofanywa kwa mwaka usio sahihi haiwezi kutegemewa.

MAKABURI YA WAFUGAJI WA KWANZA

Kalokol si peke yake. Mahali pa nguzo pamepatikana pengi kuzunguka ziwa: upande wa magharibi ni Kalokol, Manemanya na Lothagam, na upande wa mashariki ni Jarigole na Il Lokeridede. Mahali palipochunguzwa kwa makini kuliko pote ni Lothagam Kaskazini, na habari zake zilitolewa mwaka 2018 na Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo, Elizabeth Sawchuk na wenzao kutoka nchi mbalimbali pamoja na Kenya.

Waligundua ya kwamba nguzo zilikuwa alama tu ya juu, na kazi kubwa ilikuwa chini ya ardhi. Watu wa kale waliondoa mchanga wa ufuko wa zamani mpaka wakafika kwenye mwamba, wakafanya uwanja wa kuzikia wenye eneo la meta za mraba 120 hivi. Humo waliwazika watu wao kwa karne nyingi, mmoja karibu na mwenzake. Pale nafasi ilipojaa, walifunika mahali pote kwa mawe, wakajenga jukwaa la duara lenye upana wa meta 30 hivi, na juu yake wakasimamisha nguzo. Baadhi ya nguzo hizo zilichukuliwa kutoka umbali upatao kilomita moja. Kazi hiyo yote ilifanyika kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, bila gari wala chombo chochote cha chuma.

Waliozikwa humo walikadiriwa kuwa si chini ya watu 580. Walikuwamo wanaume na wanawake, wazee, vijana na watoto wachanga. Karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za maganda ya mayai ya mbuni, shanga za mawe ya rangi nyingi, pete za meno ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani, yaliyotobolewa moja moja.

Jambo lililowashangaza wataalamu ni hili. Katika nchi nyingi, kaburi kubwa la mawe huwa ni kaburi la mfalme. Mapiramidi ya Misri ni mfano wake. Lothagam haikuonekana dalili yoyote ya namna hiyo. Hakuna aliyetengwa mahali pa heshima kuliko wengine, wala mtoto hakunyimwa shanga kwa kuwa ni mtoto. Inaonekana ya kwamba watu hao walishirikiana kwa hiari yao, kama watu washirikianavyo katika harambee, na wakalala mwishowe mahali pamoja.

Kwa nini walifanya hivyo? Wataalamu hutazama hali ya nchi wakati ule. Hapo kale mvua zilikuwa nyingi, na Ziwa Turkana lilikuwa kubwa kupita lilivyo sasa. Kisha mvua zikapungua, na maji ya ziwa yakarudi nyuma kwa kadiri kubwa. Nchi iliyokuwa ya uvuvi ikapata malisho mapya, na ndipo walipotokea watu wa kwanza wa sehemu hizi waliofuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mfugaji hutawanyika kwa kufuata majani na maji. Leo yuko hapa, kesho yuko pale, wala hajui ndugu yake amelala wapi. Watu wa namna hiyo huhitaji mahali pasipohama, mahali pa kukutania, kuwazika wafu, kupatana habari za malisho na kuozana. Yamkini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya nguzo. Ziwa lilihama na mifugo ikahama, lakini jiwe lilibaki.

MAWE YA NCHI ZA MBALI

Desturi ya kusimamisha mawe haikuwa ya Turkana tu. Katika kisiwa cha Lewis, kilicho mbali kaskazini-magharibi mwa Scotland, yako mawe marefu yaliyosimamishwa karibu na maji ya bahari mahali paitwapo Calanais. Umri wake nao ni kiasi cha miaka 5,000. Wenyeji wa kisiwa hicho nao wana hadithi ya kwamba mawe hayo yalikuwa majitu yaliyogeuzwa mawe kama adhabu. Stonehenge ya Uingereza, ambayo hutembelewa na watu wengi kila mwaka, ilianzwa kujengwa katika zama hizo hizo. Watu wa Turkana hawakuwajua watu wa Scotland, wala wa Scotland hawakuwajua hao, lakini wote waliona ya kuwa mtu hupita na jiwe hudumu.

Tofauti iliyopo ni ya utunzaji. Stonehenge imewekewa walinzi, na kila mtoto wa shule nchini humo amesikia habari zake. Nguzo za Kalokol zimesimama kando ya njia, na wengi wapitao hapo hawajui ya kwamba zimekuwapo tangu zama za mapiramidi ya Misri.

WAJIBU WA WANANCHI

Kutokana na habari hizi yapo mafunzo ya kukumbukwa na kila mtu, awe mkulima wa Uasin Gishu, dereva wa lori la Lodwar, au mwanafunzi.

La kwanza, jiwe la kale hueleza habari zake likiwa mahali pake tu. Mtu akiling'oa na kulitia katika msingi wa nyumba, jiwe halikuharibika, lakini habari zake zimekwisha. Kama nguzo za Kalokol zingalihamishwa kabla ya kupimwa mara ya pili, kosa la dira lisingalijulikana kamwe, na dunia ingaliendelea kuamini hesabu iliyopotoka. Vivyo hivyo trekta likilisawazisha shimo la Wasirikwa ili mahindi yapandwe, mkulima hupata mistari michache ya mahindi, na wajukuu zake hupoteza ushahidi wa zizi la miaka 500.

La pili, shanga, mfupa au kigae kilichookotwa na kutiwa mfukoni hakina faida kwa aliyekichukua wala kwa mwingine. Mtaalamu hutaka kujua kililala wapi, kwa kina gani, na karibu na nini. Hayo yakipotea hayarudi.

La tatu, iko sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu yeyote agunduaye mahali au kitu cha kale atoe habari katika muda wa siku saba, na hairuhusu mtu kuchimba bila kibali. Kwa watu wa Eldoret na sehemu za jirani, njia iliyo rahisi ni kupeleka habari kwenye Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, au kumwarifu chifu wa mahali. Asitokee mtu kuchimba kwa tamaa ya dhahabu, maana katika makaburi ya Lothagam vitu vilivyopatikana ni maganda ya mbuni, mawe na meno ya wanyama.

Mwisho, wazee wenye hadithi za Wasirikwa na za watu wa mawe waulizwe wakati bado wapo, na vijana waziandike. Hadithi hizo haziwezi kutoa mwaka wala kipimo, lakini ndizo zilizowafanya watu waziheshimu nguzo na kuziacha zisimame mpaka wataalamu wakafika. Kama wachunga mbuzi wa Turkana wasingaliogopa kuyagusa yale mawe kwa karne nyingi, hakuna mtaalamu ambaye angalipata cha kupima. Shukrani ya kwanza ni yao, na ulinzi wa siku zijazo ni wa kila mtu apitaye njia hiyo.